Umemwambia Natembea

Fundi rangi alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya pili, brashi ingali mkononi. Tangu siku hiyo miguu yake ikawa kama ya mtu mwingine. Mkewe, mshonaji, alihamishia cherehani chumbani ili amuuguze huku akishona.

Kila asubuhi mama mkwe alipiga simu kutoka mbali, na swali lilikuwa lile lile: "Anatembea?" Alikuwa mwanamke mwenye presha, na huyu ndiye mtoto pekee aliyembakia. Mshonaji alizoea kujibu, "Bado, mama." Siku moja akasikia pumzi ya mama ikikatika kwenye simu, ulimi ukamteleza.

"Anatembea, mama. Taratibu."

"Basi nakuja nimwone kwa macho yangu."

Mume alikuwa macho kitandani.

"Umemwambia natembea?"

"Kutembea kuna namna nyingi. Watu wanatembelea magongo, wanatembelea viti."

"Mama anajua namna moja tu. Miguu miwili, mmoja ukitangulia mwingine unafuata." Akageukia ukutani. "Sasa tufanyeje, naye anakuja?"

Hapo ndipo wazimu wao ulipoanza. Mke alimfunga kitambaa kiunoni, akamwinua, akamwegemeza kwenye fremu ya mlango. Mume alining'inia pale, jasho likimchuruzika, kisha wakaporomoka wote wawili. Wakarudia, wakarudia. Magoti yakamchubuka, damu ikatoka, naye hakuhisi chochote. Hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko kuanguka kwenyewe.

Mama aliwakuta sakafuni. Alikuwa amebisha hodi, vishindo vikaimeza. Aliweka mkoba chini, akamshika mwanawe mikono yote miwili, akamwita kwa sauti ambayo mshonaji hakuwahi kuisikia.

"Simama dede. Haya, baba. Dede."

"Mama, nina ndevu."

"Ndevu hazitembei. Simama dede."

Alijaribu kuliko alivyowahi kujaribu mbele ya daktari, hata mishipa ya shingo ikamtoka. Wanawake wakambeba kwapani, huyu huku na huyu kule, miguu ikiburuzika nyuma kama nguo iliyolowa. Mama hakunyamaza, dede, dede, mpaka mwanawe aliposema polepole:

"Inatosha, mama. Sitembei. Alikudanganya kwa kukuonea huruma."

"Nilijua tangu kwenye simu," mama akasema. "Ila lile neno lilikuwa tamu, mwanangu. Sikutaka kulitema."

Walimlaza. Mama akaaga kwamba anakwenda kunawa uso, akatoka uani. Punde kilio chake kikapenya dirishani, kilio cha msibani kabisa.

Mshonaji akaketi kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Sindano ikapanda na kushuka bila nguo chini yake.

"Unashona nini?" mume akauliza.

"Suruali."

"Ya nani?"

Akaendelea kukanyaga.