Hina ya Hajati Mastula

Hajati Mastula alikaa kwenye benchi la kliniki kule Arua kama mtu aliyeijenga kliniki yenyewe. Medina alimtazama, akameza mate yaliyotaka kutemwa. Walikuwa wametoka Koboko asubuhi na Sumayah, mjukuu wa Medina, ambaye mikono yake ilikuwa imevimba mpaka kwenye viwiko, ina malengelenge pale pale maua ya hina yalipochorwa. Harusi ilikuwa Ijumaa. Mastula, shangazi wa bwana harusi, alishatangaza mbele za watu: kama ugonjwa huo unaambukiza, Siraji haoi.

Daktari Romano aliigeuza mikono ile, akasema, "Hii iko damataitisi."

Mastula akajishika kifua. "Mmesikia? Kitu chenye jina refu hivyo hakiwezi kuwa kizuri. Mutu anakirithisha mpaka wajukuu."

"Jina lako nalo limerefuka tangu ulipokwenda Maka," Medina alisema. "Mwanangu daktari, hilo neno ni la nani?"

"La Wagiriki, haboba," daktari alimjibu, akimwita bibi kwa heshima. "Derma ni ngozi. Itis zamani ilimaanisha 'ya kitu fulani' tu, na yote pamoja ni ugonjwa wa ngozi. Baadaye madaktari wakaitumia kwa kitu kilichovimba na kuwaka moto."

Medina alifikiri. "Kwa hiyo Mgiriki aliangalia ngozi inayougua, akasema ugonjwa wa ngozi, akaenda zake kula."

Sumayah alicheka kwa mara ya kwanza tangu apakwe hina.

Mastula hakucheka. "Inaambukiza?"

"Hapana. Ngozi imekataa kitu ilichopakwa. Hina ilichanganywa na nini?"

Medina akamgeukia Mastula. Kwa desturi yao hina huletwa na upande wa bwana harusi, na kuikataa ni kuwatukana. Mastula aliileta mwenyewe, nyeusi tii, akijisifu kwamba hina ya kusubiri usiku kucha ni ya maskini. Yake inashika kabla chai haijapoa. Medina aliinusa siku hiyo, ikanuka saluni, akafunga mdomo kwa adabu.

"Rangi ya nywele kidogo tu," Mastula aliuambia ukuta. "Ile ya unga. Watu wa mjini wote wanaweka."

"Ndio hao wamejaa hapa nje," daktari alisema.

Daktari alitoa mafuta ya kupaka, akamwonya Sumayah asiiguse tena rangi ile maisha yake yote.

"Sasa bibi harusi akae na mikono ya namna hii?" Mastula aliuliza. "Wageni watasema nini?"

"Watasema iko damataitisi," Medina alijibu. "Wakiuliza maana, nitawapa Kigiriki. Wakiuliza imetoka wapi, nitawaonyesha wewe."

Njia nzima ya kurudi Koboko, Hajati ndiye aliyebeba mkoba wa Sumayah. Na Ijumaa Siraji alioa bibi harusi mwenye mikono inayong'aa mafuta ya dawa, huku shangazi yake akizunguka kati ya masufuria, akimwambia kila mgeni, hata asiyeuliza, kwamba kitu hicho hakiambukizi.