Papa wa Chumvi Apanda Nanyamba

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, korosho zilipoanza kuanguka, Mwaisha wa Mikindani alipanda lori na vikapu sita vya papa wa chumvi. Alikuwa ameachika mwaka ule, na kaka yake Thabiti alikwishakata shauri: ahamie kwake Magomeni, si mbali na hapo, amsaidie wifi yake jikoni. Mwaisha alimpenda kaka yake, ila jiko la wifi hakulitaka hata kwa dawa. Wakakubaliana: safari hii moja tu. Akirudi na mzigo, anahama.

Hesabu yake haikuwa mbaya. Nanyamba iko juu mlimani, bahari mbali, na msimu wa korosho kila nyumba ina hela. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa pwani, alijua sifa ya papa ni chumvi. Papa wake alimlaza kwenye chumvi siku mbili zaidi ya wenzake, akamwanika mpaka akawa mgumu kama ubao. Wachuuzi wa Mikindani walimsifu mno, na sifa zilimwingia kichwani.

Watu wa Nanyamba walimgeuza papa, wakamnusa, wakasema mzuri, wakaenda zao. Siku ya pili vilevile. Pembeni yake mtu aliuza samaki wa moshi, wembamba, wasio na sura, wakaisha wote. Mwaisha akajisemea kwamba watu wa mlimani hawajui kula. Moyoni lakini aliogopa kwelikweli.

Siku ya tatu Modesta, mama aliyempa mahali pa kulala, alimuuliza, "Dada, samaki wako huyu unamfanyaje kabla ya kumpika?"

"Namroweka. Namwaga maji, namroweka tena. Huyu hata mara nne."

"Maji unayamwaga?"

"Sasa niyanywe?"

Modesta hakucheka. Aliugusa mtungi uliokuwa mlangoni. "Maji haya nimeyafuata bondeni. Nimetoka jogoo la kwanza, nimerudi jua kali. Wewe unataka nimwogeshe samaki mara nne, na mimi mwenyewe sijaoga tangu juzi?"

Mwaisha akakumbuka ndoo aliyopewa siku aliyofika, aondoe vumbi la lori. Aliimaliza yote, akaomba nyingine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Unisamehe, dada. Sikujua."

"Mgeni hajui, nami sikukuambia. Nenda Kitaya, huko chini Ruvuma. Maji wanayo mpaka yanawachosha. Chumvi ndiyo inawapa tabu."

Alikwenda bila imani, maana watu wa mtoni wana samaki wao. Lakini mwanamke wa kwanza aliyekutana naye Kitaya, Tabu, alikata kipande akakitumbukiza hivyohivyo kwenye chungu cha kisamvu. Akakoroga, akaonja, akaonja tena.

"Huyu ni samaki au chumvi?"

"Vyote viwili," Mwaisha akajibu, upesi mno kwa mtu aliyekuwa hajui hilo mpaka dakika ile.

Habari zilienea. Kambare walikuwa nao tele, ila kambare asiye na chumvi anachosha, na kipande kimoja cha papa kilitosha kukoleza chungu kizima. Vikapu sita viliisha kabla ya adhuhuri. Hela hawakuwa nazo nyingi, lakini bonde lile lilikuwa limewapa mpunga wa kutosha na kusaza. Wakamlipa kwa mpunga. Mwaisha alikaa siku mbili, wakamtwangia, naye akatwanga pamoja nao, akicheka mpaka mbavu zinamuuma.

Lori lilipomshusha Mikindani, Thabiti alikuwa mlangoni na mkokoteni, amekuja kuchukua kitanda. Aliyaona magunia yakiteremshwa, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Umerudi na mzigo, mdogo wangu. Tulisemaje?"

"Fungua kwanza."

Thabiti akafungua gunia. Mchele mpya, wenye harufu yake, ukamtiririka vidoleni, katika mji ambao ardhi yake ya mawe haijapata kuulisha mchele.

"Mkokoteni umeukodi mpaka saa ngapi?" Mwaisha akauliza.

"Mpaka magharibi."

"Basi nisukumie haya sokoni, kaka yangu. Kitanda kiache, nina usingizi."

Thabiti akakunja mikono ya kanzu, akaanza kupakia.