Mbuzi wa Manousos Walipovuliwa Kengele

Mbuzi walikuwepo, kondoo walikuwepo, mlango wa kibanda ulikuwa wazi, na simu yake ilikuwa mezani juu ya kipande cha mkate mkavu. Mwenyewe tu ndiye aliyekosekana.

"Manousos!" niliita. "Wewe Manousos, usinichezee, magoti yangu haya si ya kupandia milima!"

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata zizi, ambalo baba yetu alilijenga kwa mawe matupu karibu kabisa na mlango, nililiona linakuja na kutoweka, linakuja na kutoweka. Kengele za mbuzi zilinizunguka. Nasikia ile kubwa ya beberu mbele yangu, nikipiga hatua, inalia nyuma. Nimezaliwa kwenye Milima Myeupe, nimekamua humu tangu utotoni, lakini siku ile ungeniuliza bahari ya Krete iko wapi ningekuonyesha juu.

Manousos ni mdogo wangu, mgane, hana mtoto. Kila Jumamosi hushuka kula kwangu, na Jumamosi ile hakushuka. Nikasema labda ana jibini motoni, atakuja Jumapili. Jumapili nayo ikapita. Sasa huyo si mtu wa kuiacha nyama ya kondoo na viazi ipoe. Mbwa wake alilishwa sumu mwaka jana na watu wasiojulikana, kwa hiyo hakuwa hata na wa kubweka kwa niaba yake. Ndipo nikawapigia simu watu wa uokoaji, nikamkokota jirani yetu Polychronis na pikapu yake, tukapanda.

Polychronis ana kipaji kimoja: anajua kila kitu.

"Atakuwa ameteremka upande wa pili," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kufuata mbuzi."

"Mbuzi si hawa hapa?"

"Basi hakuteremka."

Nilitamani kumcharaza fimbo. Lakini hapo hapo upepo ukavuma, ukungu ukapasuka kama shuka kuukuu, na korongo likaonekana chini yetu. Juu yake tumbusi walikuwa wanazunguka, wanashuka mmoja baada ya mwingine. Juu yao alikuwepo yule tumbusi mkubwa mwenye ndevu, anayengoja wenzake wamalize nyama ili yeye achukue mifupa. Mtu wa mlimani hafundishwi maana ya hayo. Nikawatazama mbuzi na kondoo, Polychronis naye akawatazama. Hakuna aliyepungua.

Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

"Pole, Erofili. Tumbusi hawaendi harusini."

"Funga mdomo."

"Nafunga. Ila watu wa uokoaji wako njiani, na kijiji kizima kinawafuata. Wakikuta mifugo ya marehemu inalia kengele hivi, watasema nini?"

Kwetu mchungaji akifa, mifugo yake huvuliwa kengele, ili na mlima nao ukae matanga. Nilimfanyia baba, nikamfanyia mume wangu. Sijui siku ile nani aliamua, kichwa changu au mikono yangu. Nilijikuta nimemkamata beberu, nalegeza ukanda wa shingoni. Polychronis anashika, mimi navua. Kila kengele niliizibia ulimi kwa sufu ya kondoo isije ikalia ovyo, nikaitia kwenye gunia. Mbuzi wakabaki wananishangaa, na mlima wote ukawa kama nyumba iliyohamwa.

Nikangoja machozi. Hayakuja. Na mimi ndiye ninayeitwa vijiji vya jirani kuomboleza maiti za watu, jina la marehemu nikilishika, hata wanaomdai wanalia. Leo ni zamu ya ndugu yangu, nafungua kinywa, sauti hakuna. Nikajiuliza, mama wewe, humo kifuani una moyo au una jibini? Nilikuwa nimeamini amekufa na sijaamini, vyote kwa pamoja, na sikujua nishike lipi.

Pikapu nyingine ikaja ikinguruma. Akashuka Despina, binti wa Polychronis, anayefanya kazi na wale watu wanaolinda ndege wa porini.

"Shangazi, mbona kimya hivi? Kengele ziko wapi?"

Baba yake akamwonyesha korongo kwa kidevu.

"Tumbusi?" Despina akasema. "Baba, si wako mezani kwetu hao! Juzi tumewatupia punda aliyekufa. Tumewatengea mahali pa kulia pale chini, wasile mizoga yenye sumu huko nje."

"Na mimi baba yako hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ulikuwa unacheza karata, ukanijibu hata wewe una njaa."

Jamani! Punda! Nimekaa matanga ya punda! Furaha ikanipanda, hasira ikaja juu yake, kisha hofu ikazifunika zote mbili. Kwa maana kama Manousos hayuko korongoni, yuko wapi? Na kama yu hai humu ukunguni, anafuata nini arudi? Mchungaji ukungu ukimshukia hutembea kwa masikio. Anazitafuta kengele zake. Nami nimezitia kwenye gunia.

"Nipe gunia!" nikapiga kelele.

Tukaing'oa ile sufu kwa vidole na kwa meno. Kuwakamata mbuzi upya kungetuchelewesha, kwa hiyo nilijivika mwenyewe, ya beberu shingoni, nyingine mikononi, nyingine kiunoni. Polychronis akafungua mdomo. Nikamwambia akitoa neno moja nitamvika na yeye.

Nikashika njia ya juu, kwenye miberoshi, najitikisa kama mwendawazimu. Napiga, nanyamaza, nasikiliza. Ukungu ukawa unanirudishia kengele zangu kutoka kila upande. Nikasikia kama mtu anakohoa kushoto, nikakimbilia, Despina akanivuta gauni nisitumbukie. Nikasikia kulia, kumbe ni jiwe linaporomoka. Sikujua tena kama namtafuta yeye au nautafuta mwangwi wangu mwenyewe.

"Nani huyo anapiga kengele zangu vibaya hivyo?"

Sauti ilitoka chini ya miguu yangu, imekauka, ya kukwaruza. Alikuwa ameegemea shina la mberoshi, mguu mmoja umevimba kama mkate, midomo imepasuka. Ndugu yangu. Mzima!

"Kwa nini hukuita, mpumbavu wewe?"

"Nimeita tangu juzi nilipoanguka, mpaka sauti ikaisha. Ndipo nikaanza kutambaa, nafuata kengele. Nilikuwa nimekaribia, dada. Halafu zikaanza kunyamaza. Ya beberu kwanza, kisha moja moja, kwa adabu. Mbuzi wakilala hazinyamazi hivyo. Nikajua ni wewe."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa chini."

"Ukakaa!"

"Wewe hujawahi kukosea maiti, dada. Nikasema, Erofili akishavua kengele, basi mimi nimekufa, labda ndivyo kulivyo. Nikawa nangoja."

Nilimzaba kofi. Haki ya Mungu nilimzaba, kisha nikaanguka chini nikakipakata kichwa chake, kengele zote zinalia juu yetu. Despina akampa maji. Akanywa, akakohoa, akanitazama kwa jicho la lawama ambalo alikuwa nalo tangu tukiwa watoto.

"Nilikuwa nasikiliza uniimbie," akasema. "Sikusikia kitu. Hilo limeniuma kuliko mguu."

"Sikuweza, Manousos. Sauti ilikataa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akajiweka vizuri kwenye paja langu, akafumba macho.

"Basi imba sasa, nisikie."

Nikafungua kinywa, na safari hii ikaja. Nikamlilia ndugu yangu akiwa hai, kwa jina lake na la mama yetu, mpaka watu wa uokoaji waliokuwa wanapanda wakasimama njiani na kuvua kofia, wakidhani wamechelewa.