Wifi Zuura

"Ataingia, mvua inyeshe, theluji ianguke," alisema Sairakan, akakibandika kikaratasi cha mwalimu ukutani, juu ya jiko. Alikuwa na siku kumi na mbili za kumwandaa Begaiym.

Chekechea ya kijiji ilikuwa na nafasi kumi na tano, na walioomba walikaribia arobaini. Mwalimu Gulsun alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiacha kikaratasi hicho: siku ya usaili mtoto avae koti na kufunga vifungo mwenyewe, ahesabu hadi kumi, aseme jina lake, aseme na mama yake anaitwa nani, na baba je. Majibu yatalinganishwa na cheti cha kuzaliwa. Atakayeshindwa atangoja mwakani.

Begaiym, mwenye miaka mitano, alihesabu kwa vifupa vya miguu ya kondoo, vile vile alivyozoea kuchezea. Siku ya tatu alifika kumi bila kuiruka saba. Vifungo ndivyo vilivyomtoa jasho. Koti lilikuwa jipya, matundu yamebana, na kila alipoanza kulia Sairakan alimwambia, "Lia, lakini mkono usisimame."

"Mama Taalai, unalea mtoto au unafunza askari?" mumewe, Toktosun, alimuuliza.

"Wewe ulikwenda jeshini ukarudi hivyo hivyo, mpaka leo shati nakufunga mimi. Kunywa chai yako."

Likabaki swali la mama na baba. Hapo Sairakan, mwanamke aliyewahi kumkimbiza mbwa mwitu kwa ufagio, alikwama.

Begaiym alikuwa mtoto wa kwanza wa mwanawe Taalai, na kwa mila yao mtoto wa kwanza ni wa babu na bibi. Alipoachishwa ziwa, Zuura, mama yake mzazi, alimbeba kutoka nyumba aliyokaa na Taalai, akavuka ua, akamweka mapajani mwa mama mkwe wake, kama ilivyopasa. Tangu hapo Begaiym akamwita Sairakan mama, na Toktosun baba. Taalai akawa kaka. Zuura akawa wifi. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza.

"Aseme mama yake ni wewe," alisema Toktosun. "Nani atabisha?"

"Cheti kitabisha. Na watoto watabisha. Umesahau mjukuu wa jirani? Aliambiwa ukweli na wenzake uwanjani, huku wanamcheka. Wiki nzima hakufungua mdomo."

"Tumepewa huyu. Aliyepewa harudishi."

"Simrudishi mtu mimi. Ila huyu hataambiwa na watoto wa watu. Ataambiwa na mimi."

Alimwambia asubuhi ya siku ya sita, akikaanga maandazi. Alijikaza, akasema yote mara moja.

"Sikiliza, mwanangu. Wifi Zuura ndiye aliyekuzaa. Kaka Taalai ndiye baba yako. Mimi ni mama wa kaka Taalai."

Begaiym akacheka. "Mama nawe! Wifi si ana watoto wake?"

"Anao. Wewe ndiye wa kwanza."

Kicheko kikakatika. Mtoto akaliweka andazi chini. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Vifungo najua sasa. Najua vyote. Usinitoe, mama."

Roho ilimuuma Sairakan mpaka akashika ukingo wa meza. Ulimi ulitaka kusema, nakutania tu, njoo hapa. Akayameza maneno hayo. "Hakuna anayekutoa. Utalala pale pale unapolala. Lakini ukiulizwa, sema ukweli. Haya, mama yako anaitwa nani?"

Begaiym hakujibu. Siku nne nzima hakujibu, na Zuura akiingia, alijificha nyuma ya mlango.

"Mama, mwache," alisema Zuura jioni moja wakikamua ng'ombe. "Mimi nimezoea."

"Hujazoea. Umenyamaza tu. Unadhani sikuoni unavyomchungulia nikimsuka nywele?"

Zuura aliinamisha kichwa ubavuni mwa ng'ombe. Maziwa yakaendelea kulia ndooni.

Siku ya usaili Taalai alikuwa bado malishoni na kondoo, kwa hiyo walikwenda wanawake wawili na mtoto katikati. Zuura akabaki amesimama mlangoni, kama mtu aliyesindikiza tu. Begaiym alihesabu hadi kumi, akavaa koti, akafunga vifungo vyote vitano huku ametoa ulimi nje. Mwalimu akatabasamu.

"Na mama yako anaitwa nani?"

Begaiym akamtazama Sairakan. Angeitikia kwa kichwa tu, mtoto angetaja jina lake, basi ingekuwa kama zamani. Nafasi ingepotea, lakini mtoto angekuwa wake mwaka mmoja zaidi. Sairakan aligeuza uso, akatazama dirishani, akaukaza hapo hapo.

Begaiym akakishika kifungo cha juu cha koti.

"Zuura," ilisema sauti ndogo. "Anaitwa Zuura. Baba ni Taalai."

Mwalimu akaandika, akagonga mhuri. Nafasi ya kumi na moja. Kule mlangoni Zuura alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Nje upepo wa mlimani uliwapokea kwa kishindo, ukalipeperusha koti la Begaiym, alilokuwa amelifungua tena mle ndani. Mtoto akasimama, akainama, akaanza tena kutoka chini kupanda juu. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha juu kikamshinda, vidole vimekufa ganzi.

"Mama, hiki kimekataa," alisema bila kuinua kichwa.

Wanawake wote wawili wakasimama. Sairakan alijua fika aliyeitwa ni nani. Mkono wake ulikwisha kunyanyuka. Akaurudisha, akauficha chini ya shali.

"Zuura," alisema, "unangoja nini? Husikii mtoto anakuita?"