Korongo la Mama

Jumamosi moja ya Agosti mwaka 2001, Elieshi alifungasha sufuria, mablanketi na ndizi mshare, akavipanga ndani ya karavani, nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, waliyoazimwa na Pradip, jirani yao wa Edmonton, kwa Waingereza walikohamia. Mumewe, Lusekelo, alikagua taa za nyuma. Binti yao Lydia alikaa dirishani. Wakasali kama walivyozoea kabla ya safari, wakashika barabara ya kaskazini kwenda kupumzika ufukweni.

Walipopita Enfield nyumba ziliisha, korongo likaanza. Kuta za udongo mwekundu zilisimama pande zote mbili, ndefu kuliko maghorofa ya Edmonton, zikiwa na alama za majembe. Juu kabisa ilining'inia mizizi ya migomba.

"Kwenye ramani halimo," alisema Lusekelo, akipunguza gia.

"Ni kaburi la Mama," alisema Elieshi.

"Ninyi Wachaga! Kwetu Tukuyu kwenye shimo hili tungezika tarafa nzima."

"Endesha, Baba Lydia."

Mama yake Elieshi alifariki wakati wa masika, huko Machame. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo kaburini kabla ya wengine, na wa kwanza alikuwa yeye. Lakini pasipoti yake ilikuwa ofisi ya uhamiaji, mwaka wa sita sasa, ikingoja uamuzi wa kibali cha kuishi. Aliwapigia simu huko akilia, akaambiwa awe na subira. Nduguze walimngoja mpaka wakashindwa, wakazika bila yeye. Tangu hapo udongo waliojaza ulikuwa ukididimia.

"Dada, hili shimo linakungoja wewe," kaka yake alimwambia kwenye simu.

Jioni waliegesha mahali palipopanuka. Karavani nyingine zilikuwa zimeshatangulia. Léocadie, mama wa Kikongo anayeishi Tottenham, aliwaonyesha bomba la maji, akarudi kwa marehemu wake.

Walipoingia ndani ya karavani yao walimkuta Mama ameketi mezani, anamenya ndizi. Lydia alimsalimia kwa Kiingereza.

"Huyu hamkumfundisha shikamoo?"

"Kiswahili anakielewa, Mama. Kujibu ndiyo kazi."

"Na wewe umekonda. Haya, panda juu ukatupe udongo wako. Nimechoka kulala wazi, mvua inaniingia."

Kulikuwa na njia nyembamba ya kupandia hadi kwenye migomba. Katikati yake palikuwa na meza, na nyuma ya meza kijana mpole mwenye tai. Aliomba pasipoti.

"Mnayo ninyi," alisema Elieshi.

Kijana akatazama makaratasi yake. "Ni kweli, tunayo."

"Basi niruhusu nipite. Nitupe udongo kiganja kimoja tu, nirudi."

"Bila pasipoti siwezi, mama. Samahani sana."

Elieshi akateremka. Alichota udongo ukutani, akaurusha juu kwa nguvu zake zote. Ukarudi, ukaangukia kilemba cha mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Mama alijikung'uta. "Udongo hutupwa kutoka juu, mwanangu."

Wakasali sala ya jioni, wakala mtori wa zile ndizi. Kabla hawajamaliza, mvua ilianza kunyesha ndani ya karavani, juu ya Mama peke yake. Lusekelo alimfungulia mwavuli, na Lydia akasogeza bakuli la bibi yake lisijae maji.

Jumapili walirudi nyumbani, kwa sababu Elieshi alikuwa na zamu ya Jumatatu asubuhi ya kuogesha wazee. Mama alibaki kando ya bomba, ameshika mwavuli.

Kufikia Oktoba korongo lilikuwa limefika mwisho wa mtaa wao. Halmashauri iliweka koni za barabarani za rangi ya machungwa. Pradip aliuliza kama bado wanaihitaji karavani, Lusekelo akamshukuru, akasema siku hizi wanakwenda kwa miguu.

Kila jioni baada ya kazi Elieshi alimpelekea mama yake chakula, kisha akapanda ile njia. Yule kijana alishamjua kwa jina. Alisimama kumpokea, akamuuliza habari za wazee, akasikiliza majibu yote, halafu akamwomba pasipoti.