Karanga Zilizosinyaa

Hebu niambie wewe unayesoma, kwenu karanga zilizosinyaa zikishatengwa anazila nani?

Adelina hakuwahi kujiuliza, na kuuliza ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila msimu mama yake, Apolinaria, alimtumia ndoo ya karanga kutoka Bukene. Zilimkuta akiwa sekondari, zikamkuta chuoni, na alipokwenda Ulaya kusoma zilimfuata huko, zimekaangwa na kutiwa chumvi. Karanga nono zote, ngozi nyekundu inang'aa, hata moja yenye doa huioni.

Sasa alikuwa mtafiti Dar es Salaam, na mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia masikioni. Maisha yake yote ameyamalizia kwenye seli za ini, vile vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Karanga zikipata unyevu huota ukungu, na ukungu huacha sumukuvu. Mtu akiila, seli za ini huishika ziivunje, itoke na mkojo. Balaa ni kwamba katika kuivunja, kipande kingine hugeuka kikali kuliko kilivyoingia, kikaijeruhi seli yenyewe. Ni kama mwanamke anayeosha kisu, kikamkata yeye. Miaka ikipita, hapo saratani huweza kuanzia.

Mwaka huu alimtuma msaidizi wake, Wenceslaus, kuwaomba kina mama wa wilaya ya Nzega, Bukene ikiwemo, mkojo wao apime sumu hiyo. Apolinaria naye alitoa, huku akiwachekesha wenzake: "Mimi namtumia binti yangu karanga, yeye ananitumia kikopo cha kukojolea!"

Vikopo vilikuwa na namba tu. Majina alibaki nayo Wenceslaus, ili Adelina asimpendelee mtu. Mkojo wa kulinganishia, ule safi, ulikuwa wa Adelina mwenyewe. Miaka yote ulitoka safi kama maji ya mvua, na alizoea kuwatania wanafunzi wake: "Niangalieni mimi, mtu anayejua kula."

Basi siku hiyo kipimo cha sumu cha kikopo kimoja kikapanda mno. Akadhani mashine imeharibika, akarudia. Kikapanda vilevile.

"Wenceslaus, nyumba hii lazima twende. Huyu mtu anakula nini jamani?"

Wenceslaus akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

"Dada, huyo ni mama."

"Mama nani?"

"Mama yako, dada. Mama Apolinaria."

Adelina alitaka kukaa kwenye kiti, akakaa sakafuni. Kalamu ilibaki mkononi, kifuniko mdomoni.

Alifika Bukene bila kutoa taarifa. Mama alikuwa mkekani kibarazani, ungo mapajani, beseni jekundu upande wa kulia na sufuria lililobonyea upande wa kushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba! We Adelina, nani amekufa?"

"Hajafa mtu." Macho yake yalikuwa kwenye sufuria. Karanga zilizosinyaa, nyingine zina weusi, nyingine zina vumbi la kijani kama mkate uliosahauliwa. "Mama, hizi za nani?"

"Zangu. Natwanga, naunga majani ya kunde."

"Na za kwenye beseni?"

"Si zako? Ulidhani zinajichagua zenyewe?"

Ule usafi aliojivunia mbele ya wanafunzi, kumbe mama yake alikuwa ameulipia kwa ini lake.

Akamweleza yote. Apolinaria alisikiliza mkono umesimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo naumwa?"

"Sijui, mama. Sumu nimeiona, ugonjwa sijauona. Kesho twende Tabora wakupime ini. Hizi tuzifukie."

"Kufukia chakula! Umesoma mpaka umepitiliza. Basi niwape kuku."

"Hata kuku wasile, mama."

"Haya, nami nitaungia nini mboga?"

Adelina akalivuta beseni, akachota kwa mikono miwili, akamimina kwenye kinu cha mama yake.

"Toa! Hizo zako!" Apolinaria akaanza kuzichopoa moja moja.

"Mama, acha." Adelina akafunika mdomo wa kinu kwa viganja, machozi yanamwagika. "Nimekula peke yangu miaka yote hiyo. Wewe hukuwahi kuzitaka?"

Moja ilikuwa imebaki kiganjani mwa Apolinaria, kubwa, nyekundu. Akaifikicha, akapuliza ngozi ikaruka, akaitia mdomoni. Akaitafuna kwa meno ya mbele, polepole, amefumba macho.

"Nilikuwa nazitaka," akasema. "Kila nilipokuwa nakujazia ndoo, mwanangu, nilikuwa nazitaka."