Kiwanja Kisichokuwa na Risasi

Kuna watu wamesoma mpaka akili ikawahama, na wengi wao nimewakuta kwenye Kamati ya Kanda. Jina lake kamili ni Kamati ya Kanda ya Kusafisha na Kuendeleza Maeneo ya Viwanda vya Zamani. Ukitaka kulitamka kwa mkupuo mmoja, kwanza kunywa maji. Mwenyekiti wake, sisi wanawake wa mtaani tulimbatiza Mchakato, maana hata ukimuuliza saa ngapi, atakujibu kwamba mchakato unaendelea. Tumbo lake hutangulia kufika, akili inakuja nyuma kwa miguu.

Kamati hiyo ilikabidhiwa kiwanja cha kiwanda cha betri, hapa nyuma ya mtaa wetu. Kiwanda kilifungwa zamani, ukabaki ukuta, bomba la moshi, na udongo wa kijivu ambao hata magugu yanaota kwa kuombwa. Mimi nakijua kile kiwanja kuliko ninavyojua sala zangu. Nimefanya kazi mle miaka kumi na mmoja, tukipasua betri kuukuu kwa nyundo, tindikali tunamwaga mferejini, mabamba ya risasi tunayatoa yapelekwe kuyeyushwa. Marehemu mume wangu alikuwa upande wa tanuri. Kila jioni walitugawia pakiti ya maziwa, eti yanaondoa sumu. Mume wangu aliyanywa yake na yangu, na bado alikufa ufizi una mstari wa buluu, viganja vinaning'inia kama glavu kwenye kamba ya nguo. Ng'ombe alijitahidi, masikini.

Basi siku moja akaja binti wa maabara, kavaa buti, hana maneno mengi. Akachimba vishimo kumi na viwili, akajaza udongo kwenye vichupa, akaenda zake. Huyo sina neno naye. Alichokipata alikiandika vizuri, akakikabidhi kwa kamati, halafu wakamhamishia kanda nyingine. Mchakato akafungua ripoti, akasoma mstari mmoja: udongo una risasi nyingi kupita kiwango.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mchakato akaita polisi.

Wakaja polisi ishirini na vile vidude vya kunusia chuma, siku tatu wanazunguka wameinama kama mkunga anayesikiliza tumbo. Mimi nilidhani wanatafuta bunduki ya mwizi. Nikapita na kapu langu la sokoni, nikawaambia, "Kazi njema, wanangu." Waliokota misumari, kijiko, kengele ya baiskeli, na meno ya bandia yenye waya ambayo mwenyewe mpaka leo hajajitokeza. Risasi, hata moja. Kamati ikajiandikia cheti kwamba kiwanja ni salama, ikamwaga changarawe juu juu kama mtu anayepaka poda bila kuoga, na nyumba thelathini zikajengwa.

Hayo ya ripoti na cheti nilikuja kuyajua baadaye, siku binti yangu wa mwisho alipoingia kwangu mbio, mumewe nyuma yake, mtoto kiunoni.

"Mama, tumepata nyumba! Namba kumi na tisa. Ijumaa tunatia saini, wiki ijayo tunahamia."

"Nyumba ya wapi?"

"Kule kiwandani kwenu."

"Mwanangu, kule kuna risasi."

"Aa, zilishatafutwa, mama. Polisi wamepekua siku tatu, hawakuona hata ganda."

Nikamtazama. Halafu nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kicheko kilikatika nilipomwona mjukuu wangu, mwaka mmoja na nusu, keshashushwa chini na anatafuna kamba ya kiatu changu. Mtoto huyo kila anachokiokota kwake ni chakula. Na wiki ijayo atakuwa anaokota kule.

Nikawaeleza. Si risasi ya bunduki, ni risasi ya betri, madini, ile ile iliyomla baba yenu. Haionekani, haina mlio, inaingia na vumbi. Binti yangu akamnyang'anya mtoto ile kamba ya kiatu. Mkwe wangu ni dereva wa basi la shule, mtu mpole, lakini mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Mama, sikukatalii," akasema kwa adabu zake zote. "Ila kuna ripoti ya wataalamu. Ripoti ikisema hivyo, nitaamini. Maneno ya mtaani yangekuwa matofali, kila mtu angekuwa na ghorofa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mtaani?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema, baba. Ila umekanyaga breki mwishoni."

Ijumaa nikawafuata. Ukumbi wa kamati ulikuwa na viti vya plastiki kwetu, vya mito kwao, na chupa za maji mezani kwao tu, maana kiu nayo ina vyeo. Pembeni alikaa karani, dada mmoja mwembamba, anabandika picha za watu kwenye fomu. Kila fomu ilitaka saini mbili, ya mume na ya mke. Nikakaa mbele kabisa, nimevaa miwani yangu ya mkono mmoja ili nionekane mjinga vizuri.

Mchakato akasimama. "Ndugu wadau!" Nimekuwa binti, mke, mjane na bibi, udau nilipewa siku hiyo, bila hata kuomba. Akahutubia nusu saa. Alipomeza mate nikanyoosha mkono.

"Shikamoo bibi. Una swali?"

"Marahaba, baba. Swali litoke wapi, mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Nasikia mnayo ripoti. Naomba unisomee pale penye risasi tu, nijue binti yangu anahamia mahali pema."

Nyuma mtu akakohoa. Mchakato hakushtuka. Watu wa namna yake hakuna wanachokipenda kama kumsomea asiyejua. Akachukua ripoti, akajisafisha koo.

"Risasi: miligramu elfu nne na mia mbili kwa kila kilo moja ya udongo."

"Miligramu ndiyo nini, baba?"

"Kipimo, bibi. Kidogo sana. Ni kama... vichembe vya chumvi."

"Ehee. Na polisi walikuwa wanatafuta risasi za ukubwa gani?"

"Za kawaida, bibi. Za bunduki."

"Sasa hiyo bunduki inayopiga chumvi, mbona mnatuficha? Si tungeipeleka jikoni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mchakato naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, kisha macho yakarudi kwenye karatasi na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Endelea, baba. Mstari unaofuata."

"Huo ni... huo ni wa kitaalamu zaidi."

Karani, vidole vimejaa gundi, akainama kuangalia. Akausoma kwa sauti, nadhani kabla hajajua anafanya nini: "Madini haya huharibu ubongo wa watoto wadogo. Udongo uchimbwe kina cha nusu mita na uondolewe kabla ya ujenzi wowote."

Mkwe wangu akasimama. "Dada, rudia hapo."

Akarudia.

Mchakato akanywa maji, chupa nzima. "Ndugu wadau, imejitokeza changamoto ya neno. Kamati itaunda kamati ndogo ya kulichunguza neno hilo. Wakati huo huo, zoezi la kutia saini linaendelea."

Nilidhani watu watavunja viti. Watu wakapanga foleni! Wanne watano hivi ndio waliotoka. Fundi cherehani wa mtaani kwetu akanipita akijipepea na fomu yake.

"Bibi, acha kututisha. Sisi tumecheza kwenye ule mfereji na hatujafa."

"Hamjafa, kweli. Ila hiyo fomu umeishika miguu juu."

Binti yangu akaenda mezani. "Nirudishie picha yangu."

"Gundi imeshakauka, dada."

"Bandua."

Karani akabandua. Ikatoka bila kidevu. Binti yangu akaitia mfukoni, akambeba mtoto, akatoka bila kumtazama mumewe.

Mkwe wangu alirudi kitini na ile fomu, kalamu mkononi, kidevu cha mkewe kinamtazama. Nilitoka nikasimama uani juani kando ya binti yangu, na nakiri, niliogopa, maana mwanamume akiitaka nyumba anaweza kumbembeleza mke hadi alfajiri.

Alitoka baada ya muda. Mikono mitupu, ila kalamu.

"Mama mkwe." Hajawahi kuniita hivyo, huniita mama. "Umenikosesha nyumba."

"Nimekukosesha, baba."

"Miaka sita nimesubiri zamu."

"Najua."

Akaitazama ile kalamu, ndiyo kwanza anagundua kwamba ni ya kamati. Akageuka airudishe.

"Kaa nayo," nikamwambia. "Ndicho kitu pekee watakachokupa ambacho hakina sumu. Ila usiitafune."

Alitaka kucheka, nilimwona kabisa, lakini akaubana mdomo. Akampokea mtoto kwa mkewe, akatangulia kuelekea nyumbani, hatua ndefu za hasira. Tukamfuata nyuma polepole, mimi na binti yangu, tukimwachia nafasi akasirike vizuri.